Gauni la Rangi ya Gari la Baba

Kaka yangu aliponiambia kwamba gari la baba litatembea tena, niliamua kumshonea mama gauni. Sikumwuliza. Ningemwuliza angekataa, na nimeishi vya kutosha kujua kwamba kuna mambo ambayo mtu huyaanza kwanza, ruhusa akaitafuta njiani.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika. Cherahani yangu iko kwenye baraza ya duka la vyombo karibu na soko, na kazi yangu kubwa ni sare za shule na vitenge vya kwaya. Kaka yangu ana gereji ya pikipiki barabara ya pili. Mama yetu anaishi Swima, kwenye nyumba aliyoijenga baba kando ya ziwa.

Gari lenyewe ni dogo, la pua ndefu na taa za mviringo, la aina ambayo haitengenezwi tena. Baba alilinunua kabla sijazaliwa, kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Baba alikuwa mchuuzi wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na alilipakia magunia mpaka viti vikashika harufu ambayo hakuna sabuni iliyoitoa. Jumapili alitandika shuka juu ya viti hivyo akampeleka mama kanisani. Mama alikuwa na gauni moja la safari hizo: kola pana, kiuno kilichobana, sketi ya duara iliyoshuka chini ya magoti, na rangi ileile ya gari. Baba mwenyewe ndiye aliyekitafuta kitambaa, mpaka akakipata Uvira.

Vita vilipotufikia nilikuwa msichana mdogo. Tulikimbilia ng'ambo, Tanzania, kwa mtumbwi. Mama alikuwa amevaa gauni lile ndani na vitenge juu yake, maana alivaa kila alichoweza kukibeba mwilini. Katikati ya ziwa mawimbi yalianza kuingia ndani, na watu tulikuwa wengi kupita kiasi. Mama alifungua vitenge, akaipasua sketi ya gauni vipande virefu, akatufunga sisi watoto viunoni, mmoja kwa mwingine, na mwisho wa kamba hiyo akajifunga yeye. Tulifika wote. Katika kambi ya wakimbizi vipande vile vilifunga mizigo, baadaye vikafunga vidonda, kisha sikuviona tena. Baba alifia hukohuko kambini, kwa homa.

Tuliporudi Swima, mimi nikiwa mtu mzima, tulilikuta gari nyuma ya nyumba. Halikuwa na magurudumu wala viti, na kuku wa jirani walikuwa wakitagia mahali pa injini. Mlango mmoja ulikuwa umefanywa lango la zizi la mbuzi kijiji cha pili. Mama alipita kando yake kama mtu anayepita kando ya jiwe. Lakini kaka yangu alilizunguka, akapiga bati kwa ngumi, akasikiliza.

"Hii gari haikufa," alisema.

Alipofungua gereji alilihamishia huko, na miaka mingi ilipita akilitengeneza kidogo kidogo, kila alipopata kitu. Injini ilitoka Uvira, ikaja kwa boti, na si ya gari lile. Alilazimika kukata na kuchomelea vyuma ili ikae. Watu walimcheka. Alipoanza kupanga harusi ya binti yake wa kwanza, alitangaza kwamba bibi harusi atabebwa na gari hilo, na kwamba kiti cha mbele ni cha mama.

Ndipo ukaja ubishi wa rangi. Gari lilikuwa limebaki kutu tupu, na yeye alitaka kununua rangi.

"Ilikuwa bleu," aliniambia.

"Yaya, ilikuwa kijani," nilimjibu. Yaya ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu.

"We ulikuwa mutoto. Mi ndiye nilikuwa naiosha kila Jumamosi."

"Na mi nilikuwa nalala kanisani mu ile robe, kichwa ku magoti ya mama. Najua rangi yake."

Robe ndilo neno letu la gauni. Tulienda hadi Swima kumwuliza mwenye robe. Alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na hakuacha kutwanga.

"Mi sijue," alisema. "Mambo ya zamani. Muyaache yalale."

Tulirudi bila jibu. Siku chache baadaye kaka alikwenda kuuchukua ule mlango kwenye zizi la mbuzi, akampa mwenye zizi mbao za kutengeneza lango jipya. Aliuleta gereji, akaniita. Alikuwa amebandua mpira unaozunguka ukingo wa mlango, na chini yake jua na mvua havikuwa vimefika. Palikuwa na mstari mwembamba wa rangi, mzima kabisa. Haikuwa buluu wala kijani. Ilikuwa kama ganda la yai la bata. Tuliinama pamoja tukaitazama. Kaka aliigusa kwa kidole, halafu akageuka akajifanya anatafuta bisibisi.

Yeye alichanganya rangi zake juu ya kifuniko cha kopo, akizilinganisha na mstari ule mpaka akaridhika. Kwangu haikuwa rahisi hivyo. Nilizunguka soko lote la Baraka na sikupata kitambaa cha rangi ile. Vitenge vilikuwa na maua na ndege. Mitumba ilikuwa na mashuka, lakini ya waridi au ya mistari. Nilimwagiza mfanyabiashara wa Uvira, akaniletea kitu cha buluu iliyokoza kama sare ya polisi. Mwishowe nilinunua amerikani nyeupe, ile pamba ya kawaida, na unga wa rangi wa vipakiti, nikaamua kuitia rangi mwenyewe.

Sikuwahi kutia kitambaa rangi. Mara ya kwanza kilitoka madoa madoa kama ngozi ya chui. Nikakipeleka kwa mnunuzi wa matambara, nikanunua kingine. Wenzangu wa barazani waliniambia nimshonee mama kitenge kizuri nipumzike. Niliwasikia, nikaendelea. Sikutaka mama ang'ae harusini tu. Kwa mikono yake alikuwa amelipasua gauni lake zuri kuliko yote ili tuwe hai, na mimi, aliyefungwa kwa kipande chake, nilikuwa nimekuwa fundi. Sikuona ni nani mwingine angelirudisha.

Kitambaa cha pili nilikitia rangi Swima, kwa sababu mama ana sufuria kubwa na kuni hazisumbui. Aliniona nikikoroga, akaendelea na shughuli zake. Nilikisuuza ziwani, nikakianika kwenye kamba nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimechuchumaa nikisugua sufuria niliposikia sauti yake nyuma yangu.

"Ongeza manjano kidogo."

Niligeuka. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono wa kulia kwenye fremu, macho kwenye kitambaa.

"Ile ilikuwa na manjano ndani," alisema. "Kidogo tu. Ku jua ndiyo ilionekana."

Niliongeza manjano. Kilipokauka alikuja akakishika, akakikunja ndani ya kiganja, akakiachia aone kama kinakunjamana.

"Ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

Alikinyoosha kitambaa kwenye kamba. Kisha akasema, "Ile robe ilimaliza kazi yake."

"Najua. Hii iko na kazi ingine."

"Kazi gani?"

"Ya kukaa mbele."

Hakusema ndiyo. Lakini nilipotoa utepe wa kupimia alisimama wima, akainua kidevu kama wateja wanavyofanya.

Hapo nilikutana na tatizo ambalo nilipaswa kulijua. Bega la kushoto la mama lilivunjika kambini, alipoanguka na ndoo ya maji, na halikuunga vizuri. Mkono ule haupandi juu ya kifua. Gauni la zamani lilivaliwa kwa kupitia kichwani na kufungwa zipu mgongoni, nami nilikuwa nimekwisha kukata karatasi za mfuko wa simenti, ziwe kiolezo cha kukatia kitambaa, kwa mtindo huohuo. Nilizikunja nikazitumia kuwashia moto, nikaanza upya: gauni linalofunguka mbele kutoka kolani hadi kiunoni, alivae kama koti, bila kuinua mkono. Mkono wa kushoto niliupa nafasi zaidi kwapani, na vifungo nikavivika kitambaa kilekile ili visionekane sana.

Sketi ya duara nayo ilikataa kusimama. Amerikani ni laini. Iliangukia miguuni kama bendera siku isiyo na upepo. Niliwaza siku nzima, kisha nikachukua chandarua kuukuu, nikakikata tabaka kwa tabaka, nikakichovya kwenye maji ya wanga wa muhogo na kukianika. Kilikauka kigumu. Nilipokishona chini ya sketi, gauni lilisimama peke yake mezani, na mwanamke aliyekuja kuchukua sare za watoto wake aliliamkia kabla hajatambua kwamba halina mtu. Mkanda niliufanya mwekundu wa damu ya mzee, kama viti vipya alivyoviweka kaka.

Asubuhi ya harusi tulikwenda Swima na gari kumchukua mama. Bibi harusi alikuwa nyuma pamoja nami, shela lake likiwa magotini mwangu. Mama alitoka akiwa amevaa tayari. Alitembea hadi kwenye gari, akasimama ubavuni mwake. Nililitazama gauni kisha nikaitazama bodi, na kwa jua lile la asubuhi sikuona tofauti. Kaka alimfungulia mlango. Mama aliingia, na sketi ikaingia baada yake, ikajaa kiti chote na kumwagikia upande wa dereva.

"Mama, vuta robe kidogo," kaka alisema, mkono ukitafuta gia. "Sione levier ya vitesi."

"Baba yako alikuwa anaitafuta chini yake," mama alimjibu. "Na alikuwa anaipata."

Bibi harusi alicheka mpaka nikamwonya kuhusu poda yake.

Kabla ya kufika Baraka kuna kijito kinachokatiza barabara. Tulikuwa tumekivuka tukienda, lakini sasa maji ya mvua ya milimani yalikuwa yamepanda. Gari liliingia, likazama gurudumu la nyuma, likazimika. Vijana wa pikipiki walisimama. Mmoja alisema ambebe mama, afike kanisani akiwa safi.

"Hapana," mama alisema. "Mi nikishuka hapa, bantu batasema gari imekufa."

Nilivua viatu, nikafunga kitenge changu juu ya magoti, nikashuka majini kusukuma pamoja na vijana. Tope lilinirukia mpaka shingoni. Kaka aliwasha, likazima, akawasha tena. Tulisukuma kwa sauti moja, kama watu wanaovuta mtumbwi nchi kavu, na gari likatoka likitoa moshi. Nilipanda nikiwa hoi, nikalisogeza shela mbali nami.

Tulikiacha kijito nyuma. Kisha mama akaongea, akitazama mbele.

"Ile siku ku ziwa, mi sikulia. Nilikuwa na kazi. Baba yenu ndiye alilia, kuona napasua ile robe. Akaniambia, tukifika nitakushonesha ingine." Akalilaza gauni kwa kiganja, polepole, kutoka kiunoni hadi gotini. "Kila mwezi kule kambini alikuwa ananiambia. Ingine inakuja."

 Kaka alipunguza mwendo, ingawa barabara pale ilikuwa nzuri. Mimi nilitaka kumgusa mama bega, lakini mikono yangu ilikuwa na tope, nikaiweka magotini.

Kanisani watu walikuwa wamejaa uani. Waliliona gari, wakageuka wote, na akina mama wakapiga vigelegele. Mama alimsubiri mjukuu wake ashuke kwanza, ndipo akashuka yeye, akakataa mkono wa kaka. Upepo wa ziwa uliishika sketi ikafunguka yote. Wazee wawili wa kike waliokuwa wakikaa karibu nasi Swima zamani walikuja, hawakumsalimu, walimshika gauni kola na mkanda, na mmoja wao akaanza kulia. Mama alimpa leso.

Mimi niliingia kanisani mwisho kabisa, nikakaa benchi la nyuma kwa sababu ya tope. Kwa mbali, kati ya vilemba, niliona kola pana ya rangi ya yai la bata, na shingo ya mama imenyooka. Sikumsikia mchungaji neno hata moja.

Wiki iliyofuata mama alimtuma dereva wa pikipiki aje kuniita. Nilikwenda nikiwaza kwamba mshono umefumuka. Nilimkuta ameliosha gauni, amelipiga pasi ya makaa, amelitandika kitandani.

"Umeshona vizuri," alisema. "Lakini umesahau mufuko. Mutu akienda kanisani anaweka wapi ufunguo ya nyumba?"

Niliketi ukingoni mwa kitanda, nikatoa wembe mkobani, nikaanza kufumua mshono wa ubavuni.