Kulwa Hajambo, Lakini

Bujiku hakuwa mtu wa kukaa. Ukimpa kiti anakishika mgongo tu, anaongea amesimama, macho yako kwenye nyaya. Mimi Maige nilikuwa mpishi wa kambi ya wawindaji, napenda mtu atulie ale, na misimu yote tuliyokaa naye pori la Kigosi alinitia hasira kila siku ya Mungu. Ugali unapoa, yeye yuko kwenye kibanda cha betri anapapasa. "Kwani zitakimbia hizo betri?" namuuliza. "Hazikimbii, Maige, zinakufa." Anaondoka na tonge mkononi.

Kwao ni Kishapu, kwenye pamba na ng'ombe, lakini jembe lilimshinda mapema maana jembe linataka subira. Akaenda Geita machimboni, akaona shimo lilivyofukia watu, akatoka haraka. Pale mjini, mtaa wa Kalangalala, akapata kazi ya kuchaji betri za magari dukani kwa mzee Jafferali, na hapo ndipo kampuni ya uwindaji ilipomwokota. Wageni walikuwa wanakuja na vitu vyao vinavyokula chaji: tochi kubwa kubwa, kamera za video, hata mashine za kunyolea ndevu, sijui wanamnyolea nani huko porini. Yote hayo yalikuwa juu ya Bujiku na jenereta moja inayokohoa. Kubwa kuliko yote ilikuwa redio ya mawasiliano. Kila asubuhi tuliongea na Geita kwa redio ile, na bila hiyo hakuna anayejua kama mko hai.

Mwaka tisini na sita, Oktoba, mkewe Vumilia alikuwa na mimba kubwa, amelazwa hospitali Geita akisubiri siku. Mimba mbili za nyuma ziliharibika, na ya mwisho nusura aondoke nayo mwenyewe. Nikamwambia Bujiku, safari hii usije. Akasema Vumilia ndiye aliyemfukuza, eti anazunguka wodi mpaka manesi wanapata kizunguzungu. Hilo nililiamini bila ushahidi. Wakapatana na Naznin, binti wa Jafferali, aliyekuwa anapokea redio pale dukani, kwamba mama akijifungua tu, asubuhi yake atatuambia.

Basi jenereta ikafa. Kifaa chake kikaagizwa Mwanza, na Mwanza unaijua, vitu vyake vinakuja vikipenda. Tukabaki na betri moja ya redio, tunaichaji kwenye injini ya gari jioni wawindaji wakirudi. Mgeni wa safari ile naye alikuwa na kamera ya video ambayo haishibi. Alitaka kumpiga picha kila nyati, kila mti, hata mimi nikimenya vitunguu. Kamera ikiisha nguvu inanyonya kwenye betri ileile. Bujiku akawa hatafuni tena, anameza. Anaamka anakwenda kuishika betri, anarudi, anakwenda. Akanikataza hata kaseti yangu. Nikamwambia, "Bwana, kaseti yangu inatumia mawe ya tochi, betri yako inaihusu nini?" Akasema hajui, lakini nizime. Nikazima, maana nilimwona uso.

Ndipo mzee Marcel akaingia na wema wake. Marcel alikuwa mchunaji wetu wa ngozi, Msumbwa, mrina asali wa pori lile tangu utoto, na alimpenda Bujiku kama mdogo wake. Siku moja bosi wetu, aliyeongoza mawindo, alimchukua Bujiku kwenye gari akashughulikie waya wa kamera hukohuko mawindoni. Marcel akaitazama ile betri, akaihurumia, akaibeba akaianika juani juu ya jiwe. Nani kati yetu hajaanika mawe ya tochi juu ya bati? Na yakigoma kabisa, si unayatoboa unayatia maji ya chumvi, yanawaka siku mbili tatu? Akanijia jikoni kuniomba chumvi. Nikampa, nikijua ya ngozi. Kumbe amefungua vifuniko vyote, amemimina, na betri ya asidi chumvi inaiua.

Gari liliporudi, Marcel akampokea Bujiku anatabasamu. "Nimekufufulia betri yako." Akaeleza yote, kwa fahari. Bujiku akainua mkono, nikajua leo mzee anapigwa. Mkono ukashuka, akajikuna shingo. "Asante, mzee," akasema. Roho iliniuma kwa wote wawili. Akaimwaga ile chumvi, akatia asidi kidogo iliyobaki na maji safi, akaiunga kwenye injini mpaka bosi alipozima.

Asubuhi gari lilikuwa limeshaondoka. Tukajikusanya kwenye redio, kambi nzima, hakuna aliyeitwa. Ile taa yake ndogo ilikuwa nyekundu ya kufifia. Sauti ya Naznin ikatoka kwa mbali: "Kambi, mnanipata? Mwambieni Bujiku, Kulwa hajambo, lakini..." Ikakatika. Taa ikazima.

Hapo kila mtu alielewa. Kulwa ni jina la pacha wa kwanza, hakuna Kulwa peke yake. Akitajwa Kulwa, yupo Doto nyuma yake, na hilo "lakini" lilikuwa la Doto au la mama. Bujiku akatikisa nyaya, akabonyeza, akaita, "Naznin, lakini nini? Naznin?" Redio kimya. Akaingia hemani akatoka amevaa viatu. Nikamwambia angoje gari. Akaanza kutembea. Marcel akachukua panga lake, akasema anajua njia ya warina asali inayokata moja kwa moja mpaka barabara ya Masumbwe, gari haliwezi kupita humo. Niliwafungia viazi. Bujiku alivisahau, nikamkimbilia navyo.

Kesho yake bosi mwenyewe alifungua betri ya gari akaiunga kwenye redio. Naznin akaja safi kabisa, anatucheka. "Jana mlinikatia njiani. Nasema Kulwa hajambo, lakini Doto ndiye bonge, kamshinda mwenzake. Mama yao anakula uji. Baba yuko wapi, mbona hajibu?" Watu wakapiga makofi. Mimi nilitupa mwiko. Kambi nzima tulikuwa na furaha ya mtu, na mwenyewe yuko porini anatembea na lile "lakini", hakuna wa kumfikishia. Bosi alituma gari barabarani likamtafute, likarudi bure. Siku zile nilipika hovyo, na aliyelalamika nilimwambia apike yeye.

Baadaye Bujiku aliniambia alivyofika. Lori liliwashusha Geita, Marcel akamwacha getini. Akavuka uwanja wa hospitali karibu anakimbia, mpaka mlango wa wodi, na hapo akasimama. Akaegemea ukuta. Wauguzi walipita, akaogopa kuwauliza. Alisema angekaa pale hata mwaka, kuliko kuingia akute kitanda kitupu.

Dada yake Vumilia, Melania, akatoka na beseni la nepi. Alimtazama ukutani pale, akatua beseni chini.

"Baba Doto," akamwita, "unangoja nini huko nje? Ingia, nimechoka kuwabeba peke yangu, na mama yao kila mlango ukilia anauliza kama ni wewe."