Ankara ya Kwanza ya Kiraka

Jina la Kiraka alilipata utotoni, kwa sababu ya kaptura aliyoivaa mpaka kitambaa chake cha mwanzo kikawa hakionekani. Aliyempachika ni dada yake, na dada huyohuyo ndiye aliyemlea wazazi walipotangulia mbele ya haki. Alipokua akawa mtunzi wa programu za kompyuta, na kazi aliyoipenda kuliko zote aliifanya miaka tisa bila mshahara.

Programu yenyewe ilitunza hesabu ya dawa katika stoo za hospitali. Ilimwambia mtunza stoo ni dawa gani inakaribia kuisha muda, ipi itangulie kutoka, ipi iagizwe. Kiraka aliiandika kwa ajili ya dada yake, aliyekuwa mtunza dawa wa zahanati na kila mwezi alirudi nyumbani amenuna kwa dawa alizolazimika kuchoma moto. Kisha akaiweka mtandaoni iwe huria: yeyote aichukue bure, aifungue aone ilivyoundwa, airekebishe akitaka. Kuichukua, waliichukua wengi. Kuirekebisha, walimwachia mwenyewe. Kitu kikikwama walimwandikia, naye aliamka alfajiri, akasali, akakaa kwenye meza ya jikoni akatengeneza, ndipo akaenda kwenye duka la kuchapa alikoajiriwa.

Chini ya kila toleo jipya aliweka kitufe cha kuchangia, na chini ya kitufe mstari mmoja: "Usipojaliwa, niombee." Watu walimwombea kwelikweli. Amina, amina, Mungu akuzidishie. Kitufe chenyewe kwa miaka tisa kilileta hela ya kiti kimoja, tena cha mtumba.

"Wewe umeombewa mpaka malaika wanalijua jina lako la utani," dada alimtania. "Sasa waombe hela."

Kiraka alicheka tu. Kutaja hela kulimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Halafu mafigo yakamwangusha. Ikawa Jumanne na Ijumaa analazwa kando ya mashine ya kusafisha damu, na lile duka la kuchapa, baada ya kuvumilia miezi miwili, likamwachisha kazi kwa maneno matamu. Akiba ikaisha. Hapo ndipo ilipojitokeza kampuni moja inayouza programu kwa maduka makubwa ya dawa. Walimtaka awe mtu wao: mshahara mzuri na matibabu yote juu yao. Sharti lilikuwa moja, asiiguse tena programu ya bure. Mwisho wa kusaini ulikuwa Ijumaa saa kumi alasiri.

"Saini," dada alimwambia bila kupepesa macho.

"Na stoo zile, Dada?"

"Stoo zina wenyewe. Mimi nina mdogo wangu mmoja."

Ijumaa asubuhi dada alifungua stoo ya zahanati, akawasha kompyuta, akakuta tangazo: "Kuanzia leo jioni sitaweza tena kuitunza programu hii. Nisameheni." Alilisoma mara mbili, akajikaza, akaanza kupanga chupa za dawa ya kikohozi. Saa tatu simu ikaita. Alikuwa mkuu wa stoo wa hospitali kubwa, ambaye wote walimwita Mzee wa Funguo kwa jinsi alivyotembea funguo zikimlia kiunoni.

"Dada, huyo mdogo wako anataka kutuua? Mwezi ujao alama ya pakiti za chanjo inabadilika. Nani ataifundisha programu kuisoma?"

Dada akapandwa na hasira. "Miaka tisa mnaitumia, Mzee. Umewahi kumtumia hata nauli?"

"Nimtumieje?"

"Kitufe si kipo?"

"Kitufe cha mchango. Mchango ni mfuko wangu, mwanangu, na mfuko wangu unaujua. Nikimpelekea mhasibu karatasi iliyoandikwa mchango, atanitimua mpaka getini." Akashusha sauti. "Fundi wa mafriji yetu hamshindi mdogo wako kwa wema wala kwa sura. Kila miezi mitatu analeta ankara ya matengenezo, imepigwa mhuri, analipwa. Sasa nikuulize. Mdogo wako amewahi kuleta ankara?"

Dada alisimama na chupa mkononi. Kiraka hakuwahi. Hata siku moja.

"Ukiletewa leo?"

"Nikiletewa kabla ya mhasibu kwenda kula, ataisaini leo."

Aliomba ruhusa kwa mganga wa zahanati, akavua koti, akatoka karibu mbio. Alimkuta Kiraka kwenye mashine, mkono wa kushoto umefungwa mirija, kompyuta mapajani. Alimweleza akihema. Kiraka akageuzia uso ukutani.

"Niliwaambia ni bure. Leo niwaletee ankara? Wataniona tapeli."

"Programu ni bure, iendelee kuwa bure. Anayeamka alfajiri kuitengeneza anakula, anaumwa. Friji hospitali walishalinunua, mbona fundi bado wanamlipa?"

Nesi aliyekuwa akisoma vipimo vya mashine akaingilia. "Kaka, presha inapanda. Mjibu dada yako yaishe."

Wakaandika. Kiraka kwa mkono mmoja, dada akimsomea. Ankara ya matengenezo ya miezi mitatu. Mstari wa kwanza, kurekebisha hitilafu. Wa pili, kujibu simu za watunza stoo. Kiraka akaongeza wa tatu bila kuulizwa: kumfundisha mtunza programu wa pili.

"Huyo wa nini?" dada akauliza. "Unagawana umaskini?"

"Dada, niangalie nilivyofungwa hapa."

Dada hakumwangalia. Aliikagua mirija badala yake, akasema, "Haya, weka."

Walipiga hesabu: hospitali kumi na mbili zikilipa, matibabu na chakula vinatosha, na huyo wa pili anapata chake. Dada akaenda kwenye ngazi ya nje, akawapigia watunza stoo mmoja mmoja, anaowajua kwa sauti na asiowajua kabisa, na kila aliyekubali Kiraka akamtumia ankara yake. Mmoja alisema ndiyo kabla hajamaliza salamu. Mwingine alisema bosi yuko safarini. Mwingine akamuuliza kama huu ni utapeli mpya. Mzee wa Funguo alituma picha ya ankara yenye sahihi, na neno moja chini yake: "Wahi." Saa nane walikuwa na ankara tano zilizosainiwa. Saa tisa, wakiwa nyumbani, saba. Baada ya hapo simu ikanyamaza, na kila dakika dada aliinyanyua kuona kama imezima.

Saa kumi kasoro dakika tano ofisa wa kampuni alibisha hodi. Alikuwa mtu wa adabu, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliweka mkataba mezani na kalamu juu yake. Simu ikalia mara moja. Nane.

Nane si kumi na mbili. Dada alijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote. Ilikuwa na maana ya wiki ambazo hela ya mashine ingepungua, na yeye ndiye angehangaika kuitafuta.

Kiraka aliishika kalamu, akaizungusha. "Dada, ikishindikana wewe ndiye utakayenibeba. Sema wewe. Ukisema nisaini, nasaini, na sitakulaumu maisha."

Tangu siku kampuni ilipojitokeza neno hilo lilikuwa tayari mdomoni mwake. Alilitafuta sasa, akakuta mbele yake zile sahihi nane za watu walioacha kazi zao tangu asubuhi kumfukuzia mhasibu. Alimwomba Mungu kimya, kwa ufupi, kama mtu anayeshika ukuta gizani.

"Mrudishie mgeni kalamu yake," akasema.

Ofisa aliwatazama wote wawili, akakunja karatasi zake. "Mungu awatie nguvu," alisema, na hakuonekana kukejeli.

Ya tisa iliingia Jumatatu. Ya kumi na mbili ilichukua miezi mitano, na katika miezi hiyo dada aliuza cherehani na kabati, akakosana na shemeji mmoja asiyependa kukopwa. Lakini kila robo ya mwaka ankara zilitoka, na zililipwa, nyingine kwa kuchelewa. Mtunza programu wa pili alipatikana, mama mmoja mkali wa mji mwingine ambaye kila siku aligombana na Kiraka kwa simu juu ya kazi, mpaka dada akawa anahama chumba.

Baada ya Ijumaa ile Kiraka aliishi miaka mitatu na miezi minne. Mwenyezi Mungu alimchukua siku ya Jumapili, kwa upole, akiwa usingizini. Walimzika Jumatatu.

Alhamisi dada alirudi kazini kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Alipowasha kompyuta ya stoo, toleo jipya lilikuwa limefika usiku wa kuamkia siku hiyo, limerekebisha hitilafu ya tarehe aliyoilalamikia yeye mwenyewe wiki mbili nyuma. Aliyelitengeneza ni yule mama, na mama alikuwa amelipwa. Dada aliketi kidogo, mkono kifuani. Kisha akalipokea, akachukua orodha ya siku, akaanza na rafu ya juu.