Kiganja cha Pili

Mtaa mzima ulimwita Povu, naye hakununa, maana sabuni ndiyo iliyomlea. Kila kipande kilichotoka kwenye karakana yake kilikuwa na chapa ya kiganja cha kushoto. Kiganja hicho kilikuwa cha mama yake mzazi, aliyekikandamiza kwenye udongo laini mwaka walioanza kazi, wakatengeneza muhuri. Mama alifariki kwa ajali miaka kumi na minane iliyopita, akiwa safarini nchi ya jirani. Kiganja kikabaki kazini.

Alama ile Povu aliisajili nyumbani mapema, akatulia. Alidhani, kama wengi wetu, kwamba cheti cha serikali kinavuka mpaka kwa miguu yake chenyewe. Kumbe usajili wa nchi moja unaishia nchi hiyo hiyo. Alipopata wateja kwa jirani na kutaka kujisajili huko, wakala wake wa alama, bwana mpole wa kuchomeka kalamu sikioni, akampa habari mbaya: kuna mtu keshatangulia kuomba alama hiyo hiyo. Pingamizi lingepokelewa hadi Ijumaa tu, na lilihitaji kiapo kwamba mwenye kiganja ni marehemu na Povu ndiye mrithi wake.

Povu akacheka, akasema mwizi huyo atamtambua. Wakala hakucheka. Alimsogezea nakala ya ombi.

Viganja vilikuwa viwili. Cha kushoto alikijua, ila alipokitazama vizuri aliona hakikutokana na muhuri wake. Kilikuwa na mikunjo mingi zaidi. Kilikuwa kimezeeka.

Cha kulia hakikuwahi kuchapwa popote. Kidole cha pete hakikuwa na ncha. Ncha hiyo iliondoka na waya wa kukatia sabuni wiki moja kabla ya mama kusafiri, na mkono ukafungwa bandeji palepale. Kidonda kile kilijulikana na watu watatu tu: mama, Povu na mamdogo. Mwigaji huiga anachokiona. Huyu alikiona wapi?

Povu alikunja karatasi. Akaenda moja kwa moja kwa mamdogo, yule mdogo wa mama yake aliyekwenda kuutambua mwili hospitalini na kurudi na jeneza lililofungwa.

Alimkuta jikoni anachambua mchele. Mamdogo aliitazama karatasi mpaka mikono yake ikasahau ungo. Kisha akasema taratibu kwamba uso haukutazamika siku ile, kwamba gauni lilikuwa la dada yake, na mkoba pia, na gari lilikuwa linasubiri nje.

"Na vidole, mamdogo?"

"Vilikuwa kumi, mwanangu. Vizima vyote. Nikajiambia nimelia mno, sioni sawasawa."

"Basi tulimzika nani?"

Mamdogo aliurudia mchele wake, lakini hakuchambua kitu. Povu aliogopa, tena kuliko siku ya msiba. Kaburi walilolifagia miaka yote hiyo lilikuwa na mtu, na mtu huyo sasa hakuwa na jina.

Ijumaa wakala alikuwa na kiapo tayari mezani. Alimkumbusha kwamba asipotia sahihi, soko la kule limekwenda na maji. Povu aliusoma mstari uliosema mwenye kiganja hiki ni marehemu, akaurudia, akairudisha kalamu. Aliomba kidau cha wino na karatasi tupu, akakandamiza kiganja chake mwenyewe, na chini yake akaandika: Mama, kama ni wewe, huyu ni mimi. Akataka ipelekwe kwa anwani ya huyo mwombaji.

Wakala aliipuliza karatasi ikauke. Alikuwa ameshika kazi hiyo miaka mingi na hakupenda kuuliza mambo ya watu, lakini hili lilimshinda.

"Na kama si yeye?"

Povu alikuwa anafuta wino kwa leso, kidole kimoja kimoja, kama anayevihesabu.

"Basi kuna mtu anatembea na mikono yake," akasema.