Ukumbi Ulioenda Msibani

Chuo nilichokuwa nikifundisha Kiswahili hapa Johannesburg kina fungu la pesa wanaloliita ruzuku ya utamaduni. Mhadhiri anaandika ombi, anaeleza atamwalika nani aje kuzungumza, na kamati ikipendezwa inalipia ukumbi, usafiri na sambusa. Kwa muda mrefu sikujihangaisha nayo. Niliona ni mambo ya wenzangu wenye vyeo, wanaoalika rafiki zao kutoka ng'ambo waje kusoma karatasi mbele ya rafiki zao wengine.

Niliiomba maji yaliponifika shingoni. Wanafunzi wangu walikuwa wamepungua hadi tukawa tunaenea kwenye meza moja. Mkuu wa idara, mama wa Kizulu aliyenipenda kwa dhati na asiyejua kunidanganya, aliniita ofisini akafunga mlango.

"Eish, mwalimu," alisema, "wanataka kulifuta somo lako. Wananiuliza katika jiji hili ni nani anayekihitaji Kiswahili. Nijazie ukumbi. Mtu wa ofisi ya mkuu wa kitivo atakuja ajionee mwenyewe."

Nilitoka pale nafura kwa hasira, kama kawaida yangu. Nani anayekihitaji! Mtu apite Marshalltown mchana awasikilize waliopanga bidhaa zao kando ya njia. Mkongomani, Mrundi na Mtanzania wanapatana bei kwa Kiswahili kutwa nzima, na kila mmoja ana hakika kwamba cha mwenzake ndicho kilichoharibika. Tatizo ni kwamba watu hao hawaji chuoni. Geti la chuo wanaliogopa kama la kituo cha polisi.

Wa kumwalika nilimjua tangu mwanzo. Alikuwa mama mmoja Mrundi, mkazi wa Turffontein, anayeuza soksi na kofia za sufu pale pale Marshalltown. Zamani kwao alikuwa mtangazaji wa redio, na kipindi chake kilikuwa matangazo ya vifo. Yeye ndiye aliyewaambia watu fulani katutoka, maziko ni lini na ni wapi, na nchi nzima ilinyamaza kumsikiliza. Warundi wa umri wake wakiisikia sauti ile barabarani husimama. Ni sauti ya chini, haina haraka, na kila neno analiweka mahali pake. Mimi mwenyewe nimenunua soksi nisizozihitaji ili tu aendelee kuongea.

Nilipomwambia chuo kinamwalika aje kusimulia maisha yake ya redio, aliweka chini soksi alizokuwa anazikunja.

"Mimi? Kwenye université?"

"Wewe, mama."

"Na watanisikiliza?"

"Watakusikiliza."

"Bon," alisema. "Basi nitatayarisha muzuri."

Akatayarisha kweli. Kila nilipopita nilimkuta midomo inacheza, anajisemesha, na wateja wanangoja. Alishona gauni la kitenge. Aliacha kunywa vitu vya baridi, eti vinakwaruza koo. Nilimtania kwamba anajitunza kama bi harusi, akacheka, ila soda niliyomletea hakuigusa.

Ikabaki kujaza ukumbi. Mabango ya chuo nayajua, yanasomwa na wanaoyabandika. Kwa watu wetu wa Turffontein, chombo pekee kinachoweza kuwakusanya Wakongomani, Warundi na Watanzania pamoja ni kikundi cha kuzikana. Kila mmoja wetu anachangia, na mmoja akifa wote wanafika, maana hapa ugenini hakuna ukoo wa kukuzika. Mwenyekiti wake alikuwa fundi cherehani wa Lubumbashi, mzee mwenye tambo na maneno makubwa. Nilimfuata kibandani kwake nikamweleza shida yangu yote bila kuficha.

"Mwalimu, ile ni kazi kidogo," alisema. "Nikisema, batu bote banakuja. Lete bus tu."

Niliondoka pale natembea kwa madaha. Nilimwambia mkuu wa idara aongeze viti. Ruzuku ilipotoka, nikapanga Jumamosi, siku ambayo watu wangu wana nafasi, na nikaagiza basi. Mimi niliyekulia kwenye misiba, ninayejua kulia na kupika na kuchimba, sikuwaza hata mara moja kwamba nimeujaza ukumbi wangu kwa watu ambao kazi yao ni kuzikana.

Ijumaa alasiri mwenyekiti alinipigia.

"Mwalimu, kesho haiko. Tuko na kilio."

Alikuwa amefariki mwanamke mmoja msusi, mwanachama, jirani wa mama wa redio ukuta kwa ukuta. Niliuliza kama nusu ya watu wanaweza kuja, basi likawarudisha mapema. Mwenyekiti alimgeukia mtu akamwagiza masufuria. Nilisikia watu wakiimba nyuma yake, nikasema pole, nikakata simu nikiwa na aibu.

Nikampigia afisa wa ruzuku kuomba tusogeze tarehe. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionikera zaidi. Aliniuliza aliyefariki ana uhusiano gani na mzungumzaji. Nikasema ni jirani. Akasema taratibu zinatambua familia ya karibu tu. Isitoshe, chuo kilikuwa kinafunga hesabu za mwaka, na pesa isiyotumika ingerudi ilikotoka. Kisha akanishauri nitafute mzungumzaji mwingine wa jamii hiyo hiyo. Nilimwambia jamii yote imekwenda msibani. Akacheka kidogo, akidhani ninatia chumvi.

Mama wa redio alinipigia mwenyewe, kabla sijapata ujasiri.

"Mwalimu, si unajua?"

"Najua, mama."

"Njo ivi nitafanya nini sasa? Hana mtu. Mimi ndiye ndugu yake."

"Kaa huko, mama," nilisema, na moyoni nilitamani aseme atakuja. Sijivunii hilo wala silionei haya. Nilikuwa naona kazi yangu inaniponyoka.

Jumamosi ukumbi ulikuwa umepambwa. Viti vilinitazama. Walikuja wanafunzi wangu, wamevaa vizuri, maskini, na mmoja kaleta mamaye. Mtu wa kitivo aliingia, akakaa nyuma karibu na mlango. Mkuu wa idara aliwahamisha wanafunzi wote mbele ili picha zisionyeshe utupu, akapiga picha akiwa ameinama. Nilimwonea huruma mkuu wangu kuliko nilivyojionea mwenyewe. Nilisimama nikazungumza mimi, juu ya redio nisiyopata kuisikia na nchi nisiyopata kuikanyaga. Mtu wa kitivo aliondoka kabla ya sambusa. Alinipa mkono na kusema ilikuwa nzuri sana.

Nilitaka kuzichukua sambusa nizipeleke msibani. Mhudumu akaniambia chakula cha ruzuku hakitoki nje ya chuo. Nikamwachia. Basi nililokodishiwa lilikuwa bado lipo nje, tupu, limelipiwa kwenda Turffontein na kurudi. Dereva akaniuliza kama twende. Nikapanda peke yangu.

Nyumba ya msiba ilikuwa mtaa wa nyuma ya uwanja wa mbio za farasi. Hata kabla ya kushuka niliwaona watu. Walijaa uani, wakajaa barazani, wengine wamekaa ukingoni mwa barabara. Wanawake walikuwa kwenye masufuria, wanaume wamekunja mikono. Ukumbi wangu mzima ulikuwa pale, na zaidi. Nilipita natoa pole, wakanipisha kiti cha plastiki, na hakuna aliyenilaumu kwa kuchelewa.

Kisha mwenyekiti akaomba kimya, na mama wa redio akasimama. Alikuwa amevaa lile gauni jipya, kajifunga kanga ya kufanyia kazi juu yake. Akatangaza. Alisema nani ametutoka, alizaliwa wapi, aliacha nani, tutamzika lini na tutaondokea wapi. Alisema kwa Kiswahili ambacho Mkongomani, Mrundi na Mtanzania wote walikielewa bila kugeuziana shingo. Masufuria yalinyamaza. Watoto waliozaliwa hapa, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, waliacha kucheza wakamtazama. Nililia, na watu walidhani ninamlilia marehemu. Nilikuwa namlilia marehemu pia, nadhani. Lakini zaidi nililia kwa sababu yule mtu wa kitivo wakati huo alikuwa nyumbani kwake anakunywa chai.

Alipomaliza alikuja kukaa karibu yangu.

"Ile ya université bado iko hapa," alisema, akijigusa kifuani. "Sijasahau hata neno. Utaniita siku ingine, n'est-ce pas?"

"Nitakuita, mama."

Somo lilifutwa kabla ya muhula uliofuata. Chumba chetu sasa kina mashine za kuchapishia. Mkuu wa idara alinikumbatia kwenye ngazi. Mimi sasa niko Randburg, kwenye kituo cha simu. Navaa vipokea sauti masikioni na kuwaambia wateja wa Kenya na Tanzania, kwa Kiswahili safi, kwamba malalamiko yao yamepokelewa.

Sipiti tena Marshalltown. Lakini mama ana namba yangu, na hupiga. Ananijulia hali, anaulizia watoto, halafu sauti inashuka kidogo.

"Mwalimu, tarehe imetoka?"

"Bado, mama."

"Haina shida. Nangoja. Hata maji ya baridi bado sinywi."