Klape ya Zamani

Usiniambie niliota. Ilikuwa saa sita mchana, Dimanshi, siku ya kanisa, jua kali, mtoto mgongoni amenilowesha mkojo. Nani anaota namna hiyo?

Bon. Mimi ni kwado: naziba na kujaza upepo matairi ya baiskeli na pikipiki hapa Kabondo. Kompresa ndogo ya magurudumu mawili aliniachia mume wangu alipokwenda kuchimba dhahabu. Aliniachia pia mimba ya miezi saba, na tangu hapo kimya. Siku hiyo kompresa ilikuwa imekufa: motor inanguruma, sindano ya kipimo cha upepo haipandi. Shemeji yangu alishatangaza mbele ya majirani: "Lundi nakuja. Kama haitembei, naibeba mpaka soko ya Yanonge, naiuzisha piesi kwa piesi. Ni ya kaka yangu, haiko ya kwako." Na hiyo mashine ndiyo sahani ya mtoto wangu!

Mtaa mzima ulikuwa kanisani. Nikafungua kichwa cha kompresa peke yangu, nikakuta klape imepasuka, kile kibati chembamba kinachopitisha upepo usirudi nyuma. Mpya nilikuwa nimeinunua kwa mama mmoja wa Butembo anayeuza vipuri. Nikaifunga mara tatu. Mara tatu, bure. Nikaifungua tena, nikakaa chini, nikamtukana mume wangu pamoja na dhahabu yake.

"Umeigeuza, mama. Ulishakula leo?"

Papa mmoja, baba mtu mzima, alisimama mbele yangu, suruali imekunjwa mguu mmoja, vidole vyeusi kwa grisi kavu. Sikumsikia akifika, na kokoto za pale hata kuku akipita zinalia. Lakini tangu nijifungue, nani alikuwa ameniuliza kama nimekula? Ndiyo maana sikumfukuza.

Akaigeuza klape. Kazi yetu ni hivi: kabla ya kufunga, unaweka mdomo unapuliza, upande mmoja upepo unapita, wa pili unagoma. Akapuliza. Niliweka kiganja: hakuna kitu. Akapuliza tena. Kifua chake hakikupanda.

"Imeziba, papa."

"Haijaziba. Puliza weye. Miye pumuzi ilishaisha."

Nikapuliza. Upepo ukapita safi. Niaminini, niliirudisha klape mahali pake bila kumtazama usoni.

Nikakaza boliti. Yeye alikuwa anakwangua tangi kwa ukucha: chini ya rangi ya buluu, nyekundu. Na mume wangu aliniapia kuwa ni mpya, mwongo yule! "Hii nyekundu nilipakaga miye," papa alisema. Nikawasha. Sindano ikapanda.

"Sasa unipe ya zamani."

Sisi makwado tuna desturi: ukibadilisha piesi, yaani kipuri, ile iliyokufa unamrudishia mwenye mashine, aone hukumdanganya. Humpi mtu mwingine. Nami nikamwekea kiganjani. Kwa woga? Kwa shukrani? Sijui. Kiganja kilikuwa baridi kama chuma kilicholala mvuani. Nikainama kuzima motor. Kuinuka, barabara tupu mpaka mwisho.

Jioni nikamwendea mama wa Butembo. Kusikia tu suruali iliyokunjwa mguu mmoja, akaketi. "Ule kwado? Tairi ya lori ilimupasukia kifuani, akakufa. Mujane wake ndiye aliuzisha kompresa yake kwa bwana yako."

Kesho yake, Lundi, shemeji akaja na baiskeli na kamba.

"Inatembea," nikamwambia.

"Hata kama! Ni ya kaka yangu."

"Basi unionyeshe klape ya zamani. Mwenye mashine ndiye anaishikaga. Mwenyewe alikuja jana, akaibeba."

Akacheka, akainama kuinyanyua kompresa. Motor imezimwa, hakuna aliyegusa kitu, mashine ikamtolea pumzi moja ndefu usoni. Alikimbia, akasahau hata kamba yake. Ninayo mpaka leo, naanikia nepi.

Wewe unayenunua mashine iliyotumika, kwangua rangi kwanza, uulize mwenyewe yuko wapi. Na piesi ya zamani usimpe mtu ovyo: ukishampa, umekubali kuwa ni yake.

Mimi nilikubali. Kila Dimanshi, saa sita, wote wakiwa kanisani, kompresa inapumua mara moja, yenyewe. Najibu, "Nilishakula, papa." Hata siku ambazo sijala.