Tisini na Saba ya Mwenzangu

Juzi mjukuu wangu alikuwa akifanya hesabu zake kwa simu, nikamwambia aiulize elfu tisa mia tisa sabini na tatu. Simu haikukawia: namba tasa, haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mkono wangu ukasimama juu ya ungo wa mchele. Mtoto akadhani nimefurahi.

Namba hiyo, rafiki yangu, niliijulia skuli, Mji Mkongwe, mwaka uliofuata mapinduzi. Mwalimu wetu aliiandika pembeni mwa ubao, akasema hakuna tasa ya tarakimu nne inayoizidi, ila tusimwamini, tuhakikishe wenyewe. Kila mtoto akapewa tasa yake ya kugawia, zote chini ya mia, maana mia mara mia imeshaipita. Mimi nilipata sabini na tatu. Nikagawa kwa kipande cha mkaa kwenye sakafu ya jikoni, mikate ya kumimina ikinukia iliki, na bibi akinigombeza, "We mtoto, sakafu nshaikosha!" Ikabaki arubaini na tano. Nilifurahi kama niliyepewa mkono wa Idi.

Mwenzangu wa dawati alipewa tisini na saba, ya mwisho. Kugawa kulimtoa jasho, lakini ukimsaidia ananuna siku nzima. Hajamaliza, wazazi wake wakafunga mizigo. Pale Malindi, bandarini kwetu, mama yake akimvuta mkono, aliniambia, "Nnakwenda nayo. Ntakuletea jibu."

Tulipotaka kumfanyia, mwalimu alikataa. "Hiyo ya mwenzenu. Mwacheni aje aigawe mwenyewe." Basi namba ikakaa ubaoni, imezungushiwa chaki, na madawati yakazidi kuwa matupu. Mwishowe hata mwalimu hakuja, wala hapana aliyetwambia yuko wapi. Aliyeshika nafasi yake akaufuta ubao wote kwa kitambaa cha maji.

Kwa miaka, kila nikisikia honi ya meli, nilikuwa nikichungulia dirishani. Siku hizi sichungulii. Mwalimu hayupo, bibi hayupo, jiko lile limeporomoka na nyumba yake, na mwenzangu hatakuja. Najua hatakuja. Jibu nimelipata, na halina faida yoyote kwangu.

"Bibi, tuigawe kwa tisini na saba uone inavyobaki?" mjukuu aliniuliza nilipomaliza kumsimulia hayo.

Nikamwambia azime simu.