Siku Sita na Punje Nyekundu

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya sitini, nilikabidhiwa nyundo, mfuko wa turubai na kopo la rangi. Tulikuwa Zombe, mashariki mwa Kitui, tukichora ramani ya miamba. Mkubwa wetu tulimwita Bwana Jiolojia. Kazi yangu ilikuwa kuvunja sampuli, yaani kipande cha ndani ya mwamba ambacho jua na mvua havijakifikia, kukiandika namba na kukibeba.

Siku hiyo alinipa lenzi, kioo kidogo cha kukuza vitu. "Iweke jichoni, Musyoka, halafu ulete jiwe karibu. Usiinamie jiwe."

Ndani ya lile jiwe la kijivu niliona punje nyekundu, pande zake zimenyooka kama zimekatwa na fundi. Aliziita ganeti. Nikamuuliza zilikatwa lini.

"Mamilioni ya miaka iliyopita," akasema, akaendelea kuandika.

Nilikaa chini. Nyumbani Kikima nilikuwa mwalimu wa Sunday School, na nilifundisha uumbaji kama nilivyoupokea: dunia haikujitokeza yenyewe; Mungu aliiita kwa neno lake ikawa, kwa siku sita, kila kiumbe kwa aina yake. Hata kabla ya kanisa, wazee wetu walisema Mulungu aliwatoa mume na mke wa kwanza kwenye mwamba wa Nzaui. Kwetu jiwe halikuwa kitu bure.

Miaka ya sabini tulihamishiwa Makueni, karibu na nyumbani. Jumapili moja niliwaambia wanafunzi wangu nilichosikia Zombe. Mchungaji akaniita mbele ya wazee wa kanisa.

"Musyoka, siku sita au mamilioni?"

"Mchungaji, sijui."

"Mwalimu asiyejua atafundisha nini?"

Nikanyang'anywa darasa. Mke wangu, Mwende, alilia njia nzima. Mimi sikulia, lakini kwa miezi mingi nilikaa kiti cha nyuma kama mgeni.

Halafu siku moja mchungaji akafika kambini kwetu chini ya Nzaui, kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. "Nionyeshe hicho kilichokuharibu," akasema.

Nikavunja jiwe, nikampa lenzi. Alitazama, akaligeuza jiwe, akatazama tena. Akavua kofia.

"Nani amezichonga hizi, humu ndani, mahali hakuna jicho la kuziona?"

"Hilo halimo kwenye ramani yetu, Mchungaji."

Akanirudishia lenzi. "Mimi siku sita siziachi."

"Sijakuambia uziache."

"Basi rudi darasani. Wafundishe ni nani aliyeumba. Habari ya muda, mwachie Muumba mwenyewe."

Nikarudi. Nilifundisha hivyo hadi nilipostaafu miaka ya tisini. Wanaouliza kama nilipata jibu nawaambia ukweli: sikupata, na mshangao wa ile siku ya Zombe haujanitoka. Nimevunja mawe maisha yangu yote, na kila jiwe nililolivunja lilikuwa likiona mwanga mara ya kwanza.

Mchungaji alipougua mara ya mwisho nilienda kumwona. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo.

"Musyoka, katika kuchimba kwenu, mlifika mwanzo?"

"Hapana, Mchungaji. Kila tulipochimba, kulikuwa na jiwe lingine chini."

Akacheka taratibu, akanishika mkono. "Mimi nitatangulia kumuuliza," akasema.